Kura ya Shangazi

Nafasi ya mwisho katika chuo cha muziki ilikuwa ikigombewa na wawili, namba nne na namba saba. Majina hayakutajwa. Pazia zito liliukata ukumbi katikati: huku piano, huku meza ya waamuzi watatu. Alikuwepo mkuu wa chuo, mwalimu wa uimbaji, na mwalimu wa piano ambaye wanafunzi walimbandika jina la Chuma, kwa kuwa hakupindika. Pazia lilikuwa wazo lake. Alichoshwa na maneno ya mitaani kwamba chuoni hapo huingii kama huna mjomba ndani.

Namba nne alipiga bila kosa, kwa uangalifu wa mtu anayevuka sakafu iliyolowa. Kisha akaanza namba saba, na hata hajafika mbali, Chuma akainua kichwa. Mkono ule wa kushoto aliujua. Aliufundisha mwenyewe, sebuleni kwake, tangu binti wa kaka yake alipokuwa hafikii kanyagio. Hakuna aliyemwambia kwamba binti ameomba nafasi.

Alipaswa kusema palepale. Alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, ataonekana anampigia debe. Akinyamaza na kumchagua, siku ikijulikana watu watasema pazia lilikuwa kiini macho. Nyuma ya pazia muziki ulizidi kupanda, na mkuu wa chuo akaweka kalamu chini ili asikilize vizuri.

Mkuu akamchagua namba saba. Mwalimu wa uimbaji akashikilia namba nne. Alisema huyo ana uhakika, hatawaaibisha mbele za watu. Wote wawili wakamgeukia Chuma.

"Nne," akasema.

Pazia likavutwa. Kijana mmoja alisimama akitabasamu. Binti aliyekuwa pembeni yake alipoiona meza, alishtuka, kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, shangazi."

Chuma aliitikia kwa sauti iliyosikika kwa shida. Mkuu aliwatazama kwa zamu, akaelewa, akampa Chuma mkono. Alisema huo ndio uadilifu, kumnyima hata damu yako, na kwamba kisa hicho kitasimuliwa chuoni miaka na miaka. Mwalimu wa uimbaji akapiga makofi. Kila sifa ilimwingia Chuma kama mwiba.

Binti hakulia. Alisogea hadi mezani, akauliza taratibu, kama alivyozoea kuuliza kila somo lilipokwisha:

"Nilikosea wapi, shangazi? Nijue cha kurekebisha."

Chuma angeweza kutaja chochote, mwendo au kanyagio, na binti angekwenda kuhangaika na kosa ambalo halikuwepo.

"Hukukosea popote," alisema. "Ulimshinda. Nilikutambua, nikaogopa midomo ya watu."

Tabasamu la kijana likamtoka. Mkuu alirudi hatua moja nyuma, na kwa sauti ya chini akamuuliza Chuma kama anajua amesema nini. Alijua. Kura yake ikafutwa, zikabaki mbili zisizoafikiana, ikaamuliwa wote wawili wapige upya mbele ya waamuzi wa kutoka nje. Chuma akaambiwa asikanyage ukumbini siku hiyo.

Alimkuta binti nje ya ukumbi akifunga mkoba, akaanza kuomba radhi. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikukwambia kwa sababu sikutaka kubebwa," alisema. "Sikujua kumbe ningeangushwa."

Waamuzi wa nje walimpa binti nafasi. Chuma alizipata habari kwa kaka yake, kwenye simu fupi isiyo na utani wao wa kawaida. Muhula ulipoanza, binti alipangwa kwa mwalimu mwingine. Wakikutana kwenye ngazi humwamkia shangazi yake kwa heshima zote, kisha hupita.