Mbeya Sikupi

Kuku mweusi alikuwa ametaga juu ya tandiko la pikipiki. Paskalina akaliokota yai, lingali na joto, akalifunga kwenye pindo la kanga, kisha akasimama mlangoni mwa stoo asijue mkono uliobaki aupe kazi gani. Ndani, kati ya magunia ya mahindi na madebe matupu, pikipiki hiyo, Jawa ya marehemu mumewe, ilikuwa juu ya matofali kama mgeni aliyepewa kiti akakataa kukaa. Matairi yalikwisha kuoza yakatupwa. Tangi, lililokuwa jekundu kama pilipili, lilikuwa limegeuka rangi ya vumbi la mtaa wa Mlandege. Upepo wa Iringa ulipenya chini ya mabati ukayagongagonga, na kila yalipogonga Paskalina aligeuka, kana kwamba mtu amepiga hodi.

Jofrey, fundi wa Ipogolo, alikuwa amepiga magoti kando ya injini. Tangu asubuhi alikuwa ameosha kabureta, amebadilisha plagi, amefunga betri mpya, na kutia petroli iliyochanganywa na oili, kama ile ya misumeno ya kukatia mbao kule Mufindi. Sasa alikuwa akiipapasa pikipiki ubavu mmoja, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza.

"Bibi," alisema bila kugeuka, "mzee aliuza kiki?"

"Kiki ndiyo nini?"

"Ile ya kukanyaga ili liwake. Pikipiki zote zinayo. Hili nimetafuta kulia, nimetafuta kushoto, bado kuliangalia kwenye meno tu."

"Mume wangu hakuuza hata msumari."

"Basi alikuwa analiwasha kwa maombi."

Paskalina alicheka, tena zaidi ya mzaha wenyewe ulivyostahili, maana moyoni alifurahi. Pikipiki isiyo na kiki haiwaki. Na isipowaka, yeye haendi popote.

Mambo yalianza pale alipoanguka uani. Hakuvunjika, lakini alilala pale chini, bega kwenye ndoo iliyopinduka, mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Habari zikamfikia binti yake, Eveline, aliyekuwa mwalimu huko Mbeya. Eveline akaja na sauti ya darasani: Mama, hukai tena peke yako, chumba kipo, wajukuu wapo, twende. Paskalina akatafuta neno la kukataa lisilofanana na kukataa. Macho yake yakaangukia stoo.

"Siku pikipiki la baba yako likiwaka," alisema, "siku hiyo nitapanda gari."

Alisema kama mtu anavyosema siku chura akiota manyoya. Hakujua kwamba Eveline angeyabeba maneno yale kama ahadi, arudi likizo inayofuata na fundi, na namba ya simu ya mtu mwenye Canter ya kuhamisha mizigo.

Sasa nyumba ilikuwa na vita visivyo na kelele. Eveline alifunga, mama yake akafungua. Masufuria yaliingia boksini kupitia mlango wa mbele yakatoka kupitia wa nyuma.

"Mama, vikombe hivi nilivifunga asubuhi."

"Nilitaka chai."

"Kwa vikombe sita?"

"Mgeni hapigi simu kwanza."

Eveline alivitazama vikombe, akamtazama mama yake, akaanza tena kuvifungia gazeti, kimoja kimoja. Paskalina akatoka kwenda kufagia uwanja aliokuwa ameshaufagia.

Mbeya ilikuwa maneno ya zamani katika nyumba ile. Lutengano, mumewe, alikuwa Mnyakyusa aliyeletwa Iringa na kazi ya ubwana shamba. Alimwoa Paskalina, Mhehe wa watu, akakaa. Lakini kila mwaka mvua zilipokata alikumbuka kiwanja chake Uyole, akasema sasa tukajenge Mbeya, mtu aamke afungue dirisha auone mlima Loleza ukiwa na wingu kichwani. Paskalina alijibu kwamba milima hata Iringa ipo, na hii haimnyeshei mtu mwaka mzima. Mwaka ukapita, ukaja mwingine.

Walikuwa na mchezo wao, vitendawili, jioni wakipukuchua mahindi. Mchezo una sheria yake na kila mtoto anaijua: ukishindwa kutegua, unatoa mji. Aliyetega anaupokea, anasimulia alivyokwenda kwenye mji huo na alivyopokewa, na mwisho wa safari yake ndipo anakupa jibu. Paskalina alikuwa mwepesi wa kutegua, na aliposhindwa alitoa miji bila uchungu. Mafinga alishaitoa. Makambako, Njombe, hata Nyololo ambayo si mji bali vibanda vya kando ya barabara. Mbeya hakuwahi kuitoa. Alihisi kwamba mwanamume yule akishapewa mji huo kwa mchezo, kesho yake atafunga mizigo kwa kweli.

Kisha miguu ya Lutengano ikaanza kuvimba. Siku alipoipandisha Jawa juu ya matofali, aliifunika turubai, akakaa kwenye debe akihema, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Ninaye mmoja tu. Akisimama, nyumba yote inanguruma. Akilala, tunasafiri."

Paskalina alifikiri. "Simba?"

"Simba akilala unasafiri kwenda wapi?"

"Mawingu. Jiwe la kusagia." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Ni wewe mwenyewe. Ukisimama, nyumba yote inanguruma."

"Na nikilala?"

"Ukilala unakoroma, hakuna safari hapo."

Lutengano alicheka mpaka machozi. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Songea."

"Sitaki."

"Dodoma, makao makuu ya nchi. Utake nini tena?"

"Nataka Mbeya."

"Mbeya sikupi."

"Basi na jibu sikupi."

Hakulitoa. Alipougua sana akawa bado anamtania kwa nyusi tu, nyusi zikiuliza, na yeye akitikisa kichwa. Mwishoni alikwenda Mbeya bila kupewa, ndani ya sanduku, akazikwa kwenye kiwanja kile cha Uyole ambacho hakikupata kujengwa nyumba. Paskalina alikaa msiba, akarudi Iringa na basi la kwanza. Tangu hapo hakutulia. Alikaa akainuka, akapika akasahau chumvi, akaenda sokoni akarudi na kitu kingine. Watu walisema ni upweke. Yeye alijua kwamba ni kitendawili kilichobaki wazi, kama mlango uliosahauliwa kufungwa na upepo unauchezea usiku na mchana.

Jofrey alisimama akajifuta mikono. Alikuwa ameingiza gia akajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, injini ikapiga chafya moja, ikanyamaza.

"Uhai upo, Bibi. Ila mkono hauna nguvu ya mguu. Kama lingekuwa na matairi, tungelisukuma kwenye mteremko. Naenda kwa mchomeleaji, nitalitengenezea kiki ya kubandika."

"Na ikishindikana?"

"Ikishindikana, tutalipamba maua liwe kaburi."

Akaondoka akipiga mluzi. Paskalina akabaki peke yake na pikipiki. Akakaa kwenye lile debe, upande wa kushoto, yai kwenye pindo la kanga, na kwa kuwa hakuna aliyesikia akaanza kukisema kitendawili kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu shanga za rozari. Akisimama, nyumba yote inanguruma. Akilala, tunasafiri.

Mabati yakagonga. Alitaka kuinuka, magoti yakakataa, akashika kitu kilichokuwa karibu ili ajivute. Kilikuwa chuma cha gia, kile kirefu kilicholala ubavuni mwa injini. Alikielemea kwa uzito wake wote. Chuma kikaingia ndani kidogo, taratibu, kama ufunguo unaolijua kufuli lake, kisha kikamfuata mkono wake kuja juu. Kikasimama wima.

Paskalina alikaa tena, polepole.

Ndiye mmoja tu. Akilala, ni gia, tunasafiri. Akisimama, ni kiki.

Kwa nini hakupata kuliona jambo hili miaka yote aliyopanda nyuma ya mumewe? Jibu lilimjia kabla hajamaliza kujiuliza. Hakuwahi kuwapo. Siku zote Lutengano alitangulia uani, na yeye alikuwa bado ndani akitafuta kiatu, akibadilisha kitambaa, akifunga dirisha, akilifungua ahakikishe limefungwa. Mumewe aliiwasha Jawa ili imwite. Iliponguruma hadi vikombe kabatini vikatetemeka, ndipo yeye alipotoka, na alipotoka chuma kilikuwa kimeshalala. Lutengano hakutega kitendawili juu ya chuma. Alimtegea juu ya kungojwa.

Akakisukuma chuma kikarudi chini. Kikalala kama hakijapata kuamka. Hakuna aliyeona. Jofrey angebandika vyuma vyake mpaka achoke, Eveline angemaliza likizo arudi kazini, na vikombe vingerudi kabatini. Ilikuwa kukaa kimya tu. Kukaa kimya hakumshindi mtu.

"Fundi yuko wapi?" Eveline alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Kaenda kuchomelea."

"Litawaka?"

Paskalina alilipapasa yai. "Nijuaje mimi mambo ya vyuma?"

Eveline aliegemea mwimo. Sauti ya darasani haikuwapo. "Mama, nikwambie kitu? Tangu ulipoanguka, simalizi kipindi. Naandika ubaoni, nakumbuka, natoka nje kukupigia. Usipopokea nasimama pale kwenye korido na chaki mkononi. Watoto wananiita, Mwalimu, Mwalimu, na mimi nipo tu. Kwenda siwezi, kurudi darasani siwezi. Wewe kumbe ulikuwa bustanini."

"Simu naiacha ndani."

"Najua unaiacha ndani," alisema Eveline, akageuka kwenda jikoni.

Paskalina alibaki akiutazama mlango mtupu. Aliliona korido lile ambalo hakuwahi kulikanyaga, na mtoto wake amesimama pale na chaki, akimngoja atoke.

Jofrey aliporudi alikuwa amebeba kipande cha nondo kilichopindwa, jasho likimtoka. "Bibi, nimepata dawa. Haina sura, lakini—"

"Weka chini hiyo nondo."

"Bibi?"

"Weka chini, mjukuu wangu, uje upande huu." Alikuwa ameshainuka, safari hii bila kushika kitu. Akainama, akakisukuma chuma cha gia ndani, akakivuta juu. Kikasimama wima.

Jofrey akashika kichwa. "Haki ya Mungu! Mimi fundi mzima nakwenda kuchomelea! Bibi, ulijua muda wote unanitazama tu?"

"Nimejua leo."

"Nani kakuonyesha?"

"Aliyenitegea. Kanyaga."

Paskalina akarudi nyuma hadi uani, Jofrey akapanda, akakanyaga. Pikipiki ikakohoa. Akakanyaga tena, ikatema moshi wa buluu. Paskalina alitaka kuingia ndani. Miguu ilishageuka yenyewe, kwa mazoea, kwenda kutafuta kiatu, kufunga dirisha. Akaizuia. Alisimama pale pale uani, mikono imeshika pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwapo nje kabla haijanguruma.

Jofrey akakanyaga kwa nguvu zake zote.

Nyumba yote ikanguruma. Mabati yalitetemeka, kuku mweusi akaruka juu ya ukuta, na ndani, maboksini, vikombe vilivyofungiwa gazeti vikagongana. Eveline akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mama! Limewaka? Mama, limewaka!"

"Umechelewa," alisema Paskalina.

Jofrey alikirudisha chuma chini. Kikalala. Moshi ukapanda, ukafunika tangi na usukani, ukamfunika na fundi mwenyewe, hata palepale kwenye tandiko ungeweza kudhani amekaa mtu yeyote. Paskalina aliutazama. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, zima, tamu, lake kwa haki. Akalimeza.

"Nimeshindwa," alisema, si kwa sauti kubwa.

Eveline alisogea. "Unasemaje, Mama?"

Nyusi za mama yake zilikuwa zimenyanyuka kuelekea kwenye moshi.

"Haya. Chukua Mbeya."

Kisha akatega sikio katikati ya ngurumo ile, yai bado lina joto mkononi mwake, akingoja kusimuliwa mtu alivyofika huko, na alivyopokewa.