Uzi Mwekundu wa Mama Vasilka

Mama mkwe wangu, Vasilka, hakutupa kitu. Magauni yaliyochakaa aliyachana akafumia mazulia, mafuta ya nguruwe yaliyochacha aliyapikia sabuni, na kila kamba iliyoingia nyumbani ilifunguliwa fundo, haikukatwa, kisha ikazungushwa kwenye donge lake. Binti yangu Dafina, mtoto wa miaka sita, alimwandama kutwa akijifunza. Nami nikawa nafurahi, mjinga mimi.

Maji ya magadi makali ya kutengenezea sabuni, yanayounguza koo, aliyatia kwenye chupa ya kijani, sawasawa na zile za sharubati ya maua, zote zimezibwa kwa vigunzi vya mahindi. Ya magadi aliifunga uzi mwekundu shingoni. Nyumba nzima tulijua maana yake, isipokuwa mtoto.

Siku ya kukata majani, Dafina aliingia jikoni na donge mkononi.

"Bibi, ona! Nimepata mwekundu. Fundo nimelifungua kwa meno, sijakata."

Mama Vasilka akaacha kisu. "Umeutoa wapi, roho yangu?"

"Kwenye chupa ya barazani."

Kati ya chupa mbili za barazani, ilibaki moja. Nyingine mume wangu Rangel alikwenda nayo kondeni mlimani, ya kunywa.

Mama aling'oa kigunzi, akaionja kwa ncha ya ulimi. Nilimwomba Mungu imuunguze. Akanitazama, uso umempauka.

"Tamu," akasema.

Nilikimbia miguu mitupu nikipanda mlima. Nililiwaza koo la Rangel tu. Nilimwona mbele yangu amekaa kivulini, kigunzi ameking'oa.

"Usinywe!"

Upepo ulinirudishia sauti. Akanipungia mkono. "Njoo, funda lako lipo! Au umetumwa kuangalia kama nimelala?"

Akainua chupa. Nilimrukia mzimamzima, chupa ikapasukia kwenye jiwe.

"Una wazimu?"

Nikamgusa midomo. Ilikuwa mikavu. Nililia mpaka nikakosa pumzi.

Mama Vasilka alifika akihema, Dafina nyuma yake. Mtoto akainama kwenye vigae.

"Bibi, hivi tuviweke wapi?"

Mama akamdaka mkono.

"Usiguse! Vya kutupa hivyo. Vyote."

Dafina akatuangalia mmoja mmoja, haelewi.

"Tutupe wapi, Bibi?"

Nyumbani kwetu hapakuwa na jaa.