Askari wa Chiriku

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja, kipande cha chaki kimebanwa midomoni, askari wa kwanza alipotoka sebuleni na kuomba maji. Alikuwa na tundu la risasi kifuani, upande wa kushoto, lisilotoa damu. Fundi alimwonyesha ndoo kwa kidole. Askari akanywa, akasuuza kikombe, akakifunika juu ya kifuniko cha ndoo, kisha akaenda kukaa uani.

Sebuleni, binti yake alikuwa kwenye zulia, macho kwenye runinga, anacheza gemu la vita alilopewa na mjomba wake. Mtaani walimwita Chiriku, kwa kuwa alipokuwa mdogo alikuwa hanyamazi. Siku hizi aliweza kumaliza mchana mzima bila neno. Alipomuua askari wa pili, naye akatoka, akaamkia, akaomba maji.

Walikuwa watu wa adabu. Waliouawa mchana walikaa uani mpaka Chiriku alipoanza mchezo upya, ndipo wakarudi mmoja mmoja kupitia kioo cha runinga, wakiinamisha vichwa kama watu wanaopita mlango mfupi. Fundi aliona haipendezi mtu kurudi kazini na nguo yenye tundu, akawa anawatia viraka. Walivua mashati, wakasubiri na fulana zao. Kuna alasiri uani palijaa mpaka kivuli cha ukuta hakikuwatosha, na bado hukusikia hata kikohozi. Fundi akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani na kuwaona wametulia vile, watu waliokufa na wasiokuwa na kinyongo na mtu, alihisi kifua kimejaa, akashusha sauti hata akimwita paka.

Mumewe alikuwa muuza dawa, mtu wa sauti ya chini. Wateja walimpenda kwa subira yake ya kueleza kidonge kipi kinywewe kabla ya kula na kipi baada. Aliporudi jioni alipita uani akiwasalimia askari na kuyaangalia majeraha yao kwa jicho la kazi. Alimwambia mmoja kwamba la jana limefunga vizuri.

Lakini Chiriku akiwa amekosea, amechelewa kuitika au amemwaga kitu, muuza dawa alikunja mikono ya shati, akafungua mkanda wa suruali, akaukunja mara mbili, akaingia chumbani kwa mtoto na kufunga mlango. Kila pigo liliandamana na swali lile lile, kwa sauti ile ile ya dukani: "Nani kakufundisha?" Wakati huo fundi alikanyaga cherehani kwa kasi, hata kama hakukuwa na kitambaa chini ya sindano, ili majirani wasikie mashine tu. Na askari, watu waliolipuliwa kwa mabomu na kutoka wakijikung'uta magoti, walisimama wakageukia ukutani.

Basi siku moja shuleni Chiriku alimpiga mwenzake aliyemchania daftari. Alifungua mkanda wa begi, akaukunja mara mbili, akampiga mgongoni, na kila pigo akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kakufundisha?"

Wazazi wa darasa zima wakaitwa mkutanoni. Fundi aliwaomba askari waje nao, akidhani huenda mtu akataka kuwauliza jambo. Walisimama nyuma ya darasa, kwa kuwa viti vilikuwa vya watoto. Mwalimu mkuu alieleza kwa kirefu jinsi magemu ya vita yanavyoharibu watoto. Alipomaliza, yule mwenye umri mkubwa kati ya askari, waliyemwita Sajini, akaomba kusema.

"Mwalimu, mtoto huyu ametuua sana," alisema. "Kwa bunduki, kwa kisu, kwa bomu. Hatumlaumu, ndiyo kazi yetu. Lakini kupiga, hajatupiga hata siku moja. Kule kwetu hakuna mkanda."

Hakuna aliyemtazama muuza dawa, na ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alikuwa akijizuia. Kisha mwalimu mkuu akamshukuru Sajini kwa kufika licha ya hali yake. Mzazi mmoja akasema hayo yanathibitisha kwamba mtoto amezoea kuua, na wengine wakaafiki. Muuza dawa akasimama kuzungumzia wajibu wa wazazi, akazungumza vizuri, akapigiwa makofi. Sajini alimtazama fundi, akingoja. Fundi akainama kuangalia vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano.

Waliporudi nyumbani, muuza dawa alilitoa lile gemu uani akalivunja kwa nyundo, mkutano ulivyokubaliana. Askari waliokuwa nje wakawa hawana tena pa kurudi. Fundi akawatandikia mikeka. Mtaa ukazoea kuwaona wakianua nguo na kubeba maji. Chiriku akaanza kuongea tena kidogo, ila na wao tu.

Jioni moja fundi alimuuliza Sajini, bila kumtazama usoni, mbona hawamzuii mumewe.

"Sisi tulitengenezwa kwa kuanguka, mama," Sajini akajibu. "Hicho ndicho tunachokijua."

Haikupita wiki, Chiriku akavunja chupa ya chai. Muuza dawa akakunja mikono ya shati. Safari hii askari hawakugeukia ukutani. Waliingia ndani, wakaanguka kwenye ujia, mmoja baada ya mwingine, bega kwa bega, kuanzia sebuleni hadi kizingiti cha chumba cha mtoto, na pale kizingitini akalala Sajini. Fundi aliacha cherehani, akaja kusimama mwanzo wa ujia. Mwanga wa jioni uliingia dirishani ukawaangukia wote, viraka vyake vyote vikaonekana. Alikuwa hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile ndani ya nyumba.

Mumewe naye alisimama, akawatazama kwa muda mrefu, mkanda mkononi. Kisha akavua viatu, asije akawachafua.

"Samahani, ndugu yangu," alimwambia wa kwanza, akamruka. "Niwie radhi." Akamruka wa pili. Alikwenda hivyo, akitafuta nafasi kwa ncha za vidole vya miguu, akimwomba radhi kila mmoja, mpaka akafika kwa Sajini, akamruka naye, akaingia, na kuufunga mlango polepole asimbane mtu vidole.