Luseno wa Mlangoni

Katika gemu aliyoitengeneza Opicho, Luseno alibeba nusu ng'ombe kila bega, kama Luseno mwenyewe anavyobeba nyama sokoni Burma, ila huyu wa kwenye kompyuta hakuchoka. Alibomoa ukuta. Alizuia lori lililokuwa likisombwa na maji. Kisha akafika kwenye mlango wa mbao, ndani bibi mzee akipiga mayowe, na nguvu zote zikamwishia hapo. Sally, binti wa jirani, alibonyeza kitufe mpaka kidole kikamuuma.

"Opicho, gemu yako imeharibika. Msee amezuia lori, sasa mlango ndio umemshinda?"

"Haijaharibika. Huyo ndani ni mama mkwe wake. Kwetu humgusi mkweo, hata kumtazama usoni huwezi."

"Kwani mkwe ni waya wa stima?"

Vijana waliojazana sebuleni wakaangua kicheko. Khalayi, mke wa Luseno, alikuwa mlangoni mwa jikoni akichambua sukuma wiki. Hakucheka.

Mwaka wa mafuriko, maji ya mto yaliingia kwao Njiru asubuhi na mapema. Mama yake Khalayi alikuwa amekuja kutoka Kakamega kutibiwa macho, amelazwa chumba cha nje, kanga moja tu mwilini. Khalayi alikuwa juu ya ukuta na watoto, Marion na wadogo zake. Luseno alisimama mbele ya ule mlango, maji kiunoni, akiita wanaume wengine waje wamtoe mkwe wake. Walikuja. Walitoa maiti.

Tangu hapo Khalayi humwomba Mungu ampe moyo wa kusamehe. Kuna siku hupewa. Siku nyingine huinuka kutoka magotini na uchungu uleule aliopiga nao magoti.

Luseno aliyekuwa kochini alikohoa. "Ibadilishe," akamwambia Opicho, mdogo wake. "Watu watakucheka. Aingie."

Jumamosi iliyofuata gemu ilikuwa imerekebishwa. Bibi alilia, "Mkwe wangu, niokoe!" Luseno akaupiga mlango teke, akamtoa mzee wa watu amembeba mgongoni.

"Hapo sasa!" Sally akapiga makofi. "Baba Marion ni noma!"

Vijana walipotoka, Luseno alivuta kiti akacheza mwenyewe. Akamtoa mama. Akarudisha nyuma, akamtoa tena. Khalayi alisimama nyuma yake akitazama. Kumbe lilikuwa jambo dogo hivyo: teke moja, hatua chache, mgongo. Akamwomba Mungu amfunge mdomo. Haukufungwa.

"Hakuita mkwe," akasema.

"Nani?"

"Mama. Tangu unioe hakuwahi kulitamka jina lako, kwa heshima. Asubuhi ile aliuvunja mwiko yeye mwenyewe, ili nawe uuvunje. Aliita Luseno. Aliita mara nyingi. Mimi nilimsikia kutoka ukutani, na miaka yote hii nimejiambia maji yalikuwa na kelele, wewe hukusikia."

Luseno hakugeuka. Mabega yale mapana yalishuka, kama ambavyo hayajawahi kushuka chini ya nyama.

"Nilisikia," akasema.

Kisha akabonyeza kitufe, na mlango ukavunjika tena.