Lenzi za Chirau

Jumanne, tarehe mbili Juni 1998, Chirau alikunywa chai ya tangawizi, akala mahamri mawili, akaacha la tatu kwenye sahani akisema atalimaliza akirudi. Alitoka nyumbani kwao Kibokoni kwenda bandarini, alikokuwa karani wa kuhesabu mizigo. Saa nne na robo kamba ya chuma ya kreni ilikatika, na mzigo wa mabati ukamwangukia.

Alikuwa ameona vizuri kwa miezi mitano tu. Tangu utotoni alikuwa haoni mbali, na vilivyonyooka aliviona vimepinda. Mwezi wa Januari madaktari wageni walimpandikizia lenzi ndani ya macho yote mawili. Kila lenzi ilikuwa na alama mbili ndogo, na daktari alieleza kwamba alama zile lazima zikae sawa. Lenzi ikizunguka kidogo tu, kila kitu kinapinda tena. Siku alipofunguliwa bandeji, Chirau alisimama barazani akatazama mtaa.

“Kumbe nguzo ya stima imenyooka!”

“Na mimi je?” mkewe Bimdogo alimuuliza.

“Wewe umezeeka, mke wangu. Nilikuwa nimefichwa.”

Bimdogo alimpiga kwa upande wa khanga.

Mwoshaji maiti, Mzee Chonga, alipomfumba macho, lenzi zilitoka zenyewe zikatua kiganjani mwake. Alizisuuza, akazitia ndani ya kikombe cha kahawa, akampelekea mjane. “Hizi hazikutaka kuzikwa,” alisema, akarudi kumalizia kazi.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Bimdogo alitazama kupitia lenzi moja. Aliona alichokiona Chirau mwisho: kamba ya kreni imechanuka nyuzi kama ufagio, na mkono wa Chirau mwenyewe, wenye kalamu, ukiinyooshea kidole. Chini ya kreni msimamizi, Kioko, alikuwa akipunga mkono kazi iendelee. Bimdogo aliirudisha lenzi kikombeni.

Majirani walitazama kwa zamu. Mbeyu, dada yake Chirau, alikuja kutoka Majengo akatazama kwa muda mrefu.

“Kamba imeoza hiyo, wifi. Tena si ya jana.” Kisha akaomba chumvi ya kutia kwenye mchuzi wa wageni.

Kampuni ya bandarini ilikuwa imeandika kwamba marehemu alikuwa na kasoro ya macho, na hakuiona hatari. Kikao cha uchunguzi kiliwekwa mwezi wa Agosti. Bimdogo alikuwa bado yumo edani, hatoki. Alimwomba wifi yake jambo moja tu: waandike kwamba Chirau aliona.

Mbeyu alikwenda na kikombe, kimefungwa kwa leso. Kioko alitazama wa kwanza. Alijifuta jasho.

“Ndiyo mimi huyo,” alisema. “Na huo mkono ni wake. Alinionyesha.”

Mwenyekiti, Bwana Mung'aro wa kampuni, naye akatazama. Kisha akaizungusha lenzi taratibu kati ya vidole, mpaka alama zikakaa mshazari.

“Mimi naona kamba imepinda tu. Haijachanuka.”

“Umeizungusha, bwana!”

“Dada yangu, kila mtu na macho yake.”

Karani wa kikao aliandika: kasoro ya macho. Bwana Mung'aro aliirudisha lenzi kikombeni kwa adabu, akampa Mbeyu pole.

Bimdogo alipotoka edani, Kioko alikuja kumpa mkono. Hakukubali kuketi. Alisimama mlangoni akasema kamba haikubadilishwa; ilikatwa palipooza, ikaungwa. Bimdogo alimwuliza kama ameitazama kwa karibu.

“Kila siku, mama.”

Kikombe kiko juu ya kabati. Anayetaka kutazama hutazama, na huona yaleyale.

Kampuni imeajiri karani mpya. Walimpima macho kwanza, wakayakuta mazima. Husimama palepale, chini ya kamba ileile.