Seli za Favour

Uvimbe wa taya ulikuwa umelifunga jicho la kushoto la Favour, na uji aliokuwa akinyweshwa ulitoka tena kando ya mdomo. Mama yake, Akelo, alimfuta kwa ncha ya kanga. Walitoka Rorya kwa basi, wakakuta stoo ya hospitali haina dawa ya sindano. "Subiri, mama," aliambiwa. Kipande cha uvimbe, hata hivyo, kilichukuliwa kupelekwa maabara siku ileile.

Jovina, mtafiti kijana wa maabara, ndiye aliyempeleka Akelo kukiona. Ndani ya kabati la joto mlikuwa na chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi. Alimwinamisha kwenye darubini.

"Hizi ni seli za Favour. Ziko hai. Virusi viliziingia vikaziamuru zitengeneze DNA bila kukoma, zigawanyike bila kupumzika. Tunapima na RNA zake, zinazobeba amri hiyo, tujue inapitaje."

Akelo aliona vitu vya duara vikimeta, vimesongamana kama mayai ya samaki.

"Zinakula?"

"Zinakula. Chakula chake kinaletwa kwa ndege."

"Na umeme ukikatika?"

"Zina jenereta yake."

Akelo aliinua uso. "Sasa hiyo ndege haiwezi kubeba na dawa ya mtoto?"

Jovina alimshika mkono wakaenda kwa Dkt. Kahigwa, mkuu wa mradi.

"Fedha za mradi ni za seli," alisema Kahigwa bila ukali. "Mtoto ni wa wodi. Nikizigusa, wafadhili watafunga mradi. Vumilia, mama. Utafiti huu utasaidia watoto wengi."

"Asante, daktari," alisema Akelo, akarudi wodini.

Favour alikufa Jumapili. Dawa ilikuwa bado njiani.

Kesho yake, jeneza likiwa tayari ndani ya gari la kuazima, Akelo alirudi maabara.

"Nimefuata seli zake zilizobaki. Nataka kumzika mzima."

Kahigwa alisimama. "Pole sana, mama. Zile ni mali ya mradi. Uliweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa."

"Niliambiwa mnapima ugonjwa."

Kahigwa alimtazama mlinzi. Mlinzi akamsogelea Akelo taratibu. "Twende, mama. Maiti inapigwa jua."

Akelo hakusogea. Nyuma ya kioo Jovina, macho mekundu, glavu mikononi, alikuwa akizigawa seli katika chupa mpya. Ile ya kwanza ilikuwa imejaa.