Giza la Kutazamia Picha

Modesti alijua picha kuliko alivyojua mahindi, na huo ni ugonjwa kwa mtu anayekula kwa mashine ya kusaga. Ujanani, kule Laela, alikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea picha: mabenchi ya mbao, deki moja ya video, na blanketi jeusi dirishani kuzuia mwanga wa barabarani. Humo ndimo alimopatia mke. Evodia alikuwa anakaa benchi la mbele na kucheka kabla ya watu wote, na Modesti akaanza kuchagua picha kwa kukisia kipi kitamchekesha binti yule.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, kiharusi kikampiga Evodia. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka moja moja na kwa kuchelewa. Hakucheka tena. Modesti akaapa kwamba kicheko kile atakirudisha, na kwa kuwa kila mtu hutibu kwa dawa anayoijua, akaamua kununua runinga kubwa ambayo mtaa wao mzima wa Kizwite haujapata kuiona.

Kazi ikawa kuchagua. Kijana Christopha, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Sumbawanga, alimweleza kwa uvumilivu wote.

"Mzee wangu, hii LED ina taa nyuma ya kioo. Utaiona vizuri hata mlango ukiwa wazi, ila weusi wake una ukijivu kidogo. Hii OLED, kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Ikizimika ni giza kweli. Lakini kwenye chumba chenye mwanga mwingi haikai vizuri, utakuwa unajitazama mwenyewe kwenye kioo."

"Na projekta?"

"Projekta inakupa ukuta mzima. Sharti chumba kiwe giza."

LED Modesti aliidharau palepale, akasema hiyo ni ya baa. Moyo wake ulikuwa kwenye weusi wa OLED, lakini ukuta mzima nao ukawa unamwita. Christopha alimwazima projekta akaijaribie nyumbani, na Modesti akaenda moja kwa moja kununua pazia zito.

Hapo ndipo alipopotea, na wala hakujua. Huku juu Ufipa mlango wa nyumba yenye watu haufungwi mchana. Hata upepo wa Julai ukivuma, watu huvaa makoti mawili na mlango wakauacha wazi, ili apitaye aulize hali. Mlango wa Modesti ulikuwa umeanza kurudishwa tangu Evodia alipotoka hospitali. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walipokuja kumjulia hali, Modesti aliwapokea nje, akawashukuru, akasema, "Amelala." Walirudi tena, bado amelala. Usingizi gani huo wa miezi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tuseme ukweli: aliona aibu. Evodia ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kanisani, na Modesti hakutaka watu wauone mdomo ule ukivuja mate. Aliita jambo hilo kumlinda. Pazia zito lilimfaa kwa picha, na lilimfaa kwa hilo pia, ingawa hili la pili hakulisema hata moyoni.

Alasiri ya Jumamosi akaifunga nyumba, akawasha projekta. Ukuta wote ukajaa watu. Evodia akakaa kitini, macho kwenye picha, uso haukusema kitu. Ilikuwa picha ya Kibongo, na kama kawaida ya picha hizo haikuchukua muda mtu akafa. Wanawake wakaangua kilio ukutani, na Modesti, aliyeazima na spika kubwa, akaongeza sauti ili mkewe apate utamu wote.

Nje, Mama Josefina, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa anapita na ndoo yake. Akaona mlango umefungwa mchana, mapazia yameshushwa, na kilio kinatoka ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Angefikiri nini? Akatua ndoo, akaenda kuwaambia wenzake.

Mlango uliposukumwa, mwanga ukaingia na picha ikafutika ukutani. Wanawake walikuwa wamesimama kizingitini, khanga wamejifunga viunoni, wengine na mizigo ya kuni kichwani, wengine na unga wa msiba kwenye mabeseni. Machozi yalikuwa yanawatoka. Na marehemu alikuwa amekaa kitini, anawatazama.

Spika ikaendelea kulia peke yake.

Evodia akatazama kuni. Akatazama unga. Akamtazama Mama Josefina, ambaye kamasi zilikuwa zimeshafika mdomoni. Kisha bega lake zima likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha upande mmoja, mate yakashuka kidevuni. Modesti akaruka na khanga kumfunika mdomo.

"Mwache acheke, Baba Sharon," Mama Josefina alimwambia Modesti. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi hatukuja kuuangalia mdomo wake."

Modesti akabaki na khanga mkononi. Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ilisemwa mbele ya mkewe, ambaye bila shaka alikuwa anaujua ukweli huo siku zote. Mangapi aliyasikia kutoka kitini pale, mumewe akiwaambia watu mlangoni kwamba amelala?

Mama Josefina alisema unga uliokwisha kutoka nyumbani kwa ajili ya mtu haurudishwi. Wakawasha zile kuni, wakapika ugali, wakala na dagaa wa Kirando, Evodia katikati yao akilishwa kwa zamu na kutaniwa kwamba amekula msiba wake mwenyewe.

Wageni walipoondoka, Modesti aliinama kuchomoa waya za projekta.

"Kesho kutwa nitakwenda kwa Christopha," alisema. "Nafikiri sasa nichukue ile OLED. Hii projekta imetuletea balaa."

Evodia alifungua mdomo. Modesti alikwisha kuzoea kummalizia, na neno lilikuwa tayari ulimini mwake, lakini safari hii lilimkwama.

"Na... mi," alisema Evodia. "Twende."

Jumatatu bajaji ikawateremsha katikati ya mji, mchana kweupe. Modesti alimshika mkewe kiunoni, wakavuka barabara polepole, watu wakiwasalimia na yeye akilazimika kusimama kila mara, masikio yakimwaka. Evodia aliitikia kila salamu, kwa muda wake.

Dukani Christopha alimwamkia Evodia shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamgeukia Modesti kama watu wote walivyokuwa wakifanya siku hizi.

"Mzee, mama atapenda ipi?"

Modesti alikuwa na jibu. Alikuwa na jibu zuri, lenye nukta zinazojizima na weusi usio na ukijivu.

"Muulize mwenyewe," alisema, akavuta stuli akakaa. "Ila usiwe na haraka, kijana. Atakujibu."